Asukile Mwalugaja na Lusini Isiyoonyesha Ugonjwa

Kutoka Tunduma hadi Ruaha Mbuyuni hakuna ng'ombe wa maziwa aliyewahi kunona bila mkono wangu. Mimi Sedekia, dereva wa kwanza wa Kituo cha Malisho Ilembwe, ambaye kituo kizima kinaniita Mjomba, ndiye niliyebeba mbegu, wataalamu, barua za Serikali na, siku moja, fahali mgonjwa aliyekaa kiti cha mbele kama abiria mwenye tiketi. Mkuu wa kituo alipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu kwa ajili ya jarida letu, aliwaruka wenye diploma wote akaja kwangu mimi wa darasa la nne. Nilikataa mara mbili, kwa adabu. Mara ya tatu nikaona nisimwaibishe.

Basi, tuanze. Ndugu Asukile Mwalugaja, mtunza mbegu wetu, aliingia kazini tarehe 1 Julai 1948, na anastaafu tarehe 30 Juni 1979. Hiyo ni miaka thelathini na mmoja kamili, bila kukosa siku hata moja, ukiacha ile wiki aliyooa na zile siku tatu alizoumwa meno. Anaondoka na mkewe, Mama Atuganile, kurudi kwao Tukuyu kwenye migomba yao. Sisi tunabaki na ghala lake.

Alipokuja hapa alikuwa mkata majani. Hakujua kusoma. Herufi alijifunza kwenye magunia ya mbegu, na ndiyo maana mpaka leo akiandika barua ya salamu anaanza na tarehe ya kuvunwa. Mwaka 1953 alipewa ufunguo wa ghala, na tangu hapo hakuna panya aliyezeeka humo ndani. Ana tabia moja ambayo wote mnaijua: kabla ya kuhesabu mbegu, huzimwaga kiganjani na kuzipuliza mara moja, polepole, kama anayepoza uji wa mtoto. Binti yake Tupokigwe, ambaye ni mwalimu, alipokuja kututembelea nilimwona akipuliza kiganja vilevile kabla ya kuhesabu chaki. Hakufundishwa na mtu.

Sasa, jambo kubwa la maisha yake ni lusini. Kwa wageni wasioijua, lusini ni majani ya ng'ombe yenye maua ya zambarau. Ukimlisha ng'ombe lusini jioni, asubuhi unatafuta ndoo ya pili. Mwezi Juni mwaka 1956 ilikuja sakitu ambayo haijapata kuonekana Mbeya. Maji yaliganda ndani ya birika lililokuwa mekoni, nami niliyaona. Shamba zima la lusini likawa jeusi kama limepikwa. Kesho yake Asukile alipita mstari kwa mstari akakuta miche kumi na moja imesimama kijani, haina habari. Akaizungushia ua wa mianzi. Akakusanya mbegu zake, akapanda, akachagua, akapanda tena. Alifanya hivyo kila mwaka kwa miaka kumi. Kopo likawa debe, debe likawa gunia, na watu wakaanza kuiita Lusini ya Asukile. Kitabuni ilikuwa na namba. Namba hiyo hakuna aliyeijua.

Na mbegu hiyo aliigawa. Mtu akifika na shida ya majani, Asukile anakunja gazeti, anajaza, anaandika jina la mtu katika daftari lake, kwaheri. Hakumrudisha mtu mikono mitupu. Mbegu nyingine tulizipeleka wenyewe, mimi nikiwa usukani. Ni safari hizo ndizo zilizonipa sifa niliyo nayo. Mwaka 1972 gia za mbele zilikufa chini ya Kitonga, nikaupanda mlima wote kinyumenyume, magunia sita nyuma na Asukile pembeni, na njiani nikalipita lori la Zambia. Asukile husema hatukupita lori lolote. Alikuwa amefumba macho, angelionaje?

Mwaka 1974 tulimpata mkuu wa kituo mpya, Ndugu Ndalahwa, kijana wa Kisukuma, msomi, mpole, mwenye kuogopa barua. Akaipenda Lusini ya Asukile, akataka ipelekwe mikoa mingine. Lakini kabla mbegu haijavuka mpaka wa mkoa kwa kibali cha Serikali lazima ipimwe, kwa hiyo kopo moja likapelekwa kwenye maabara ng'ambo. Tulikaa tukisubiri pongezi. Mimi nilikuwa nimeshanunua tai.

Barua ikaja Februari 1976. Ndalahwa aliisoma mbele yetu ghalani, na sauti yake ikawa inapungua kila mstari. Mbegu imeota vizuri, walisema. Miche ni mizuri. Lakini walipotazama maji ya majani yake kwa darubini kubwa ya umeme, waliona virusi ndani, katika miche thelathini na mmoja kati ya arobaini. Jani halina doa, halijikunji wala halina manjano. Virusi vinakaa humo kimya, na vimekuja ndani ya mbegu yenyewe.

"Ndani ya mbegu?" Asukile aliuliza. "Mbegu yangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Na dalili zake ni zipi?"

"Hakuna, mzee. Ndivyo wanavyosema. Hakuna dalili."

Asukile alimimina mbegu kiganjani, akazitazama muda mrefu. Siku hiyo hakuzipuliza.

Wiki mbili baadaye ofisi za juu zikaamua. Kugawa mbegu kukome mara moja, ghala lichomwe, na kila mtu aliyepewa mbegu hiyo shamba lake ling'olewe kabla ya mvua kwisha. Daftari la Asukile likafunguliwa. Watu mia mbili na kumi na wanne, Mbeya na Iringa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyegawa, yeye ndiye aliyetumwa kung'oa.

Hapa ni lazima nieleze kitu kwa vijana wa siku hizi. Kwetu, mbegu ukishampa mtu mkononi umempa. Unaweza kumwomba mwenzako akurudishie jembe, shoka, hata ng'ombe mliyekubaliana atunze. Mbegu hapana. Kumfuata mtu kwa ajili ya mbegu uliyompa ni kumwambia kwamba undugu umekwisha. Asukile alikuwa na miaka hamsini na miwili, bado mitatu astaafu, na alikuwa anapelekwa kumaliza undugu na nyumba mia mbili na kumi na nne. Mama Atuganile alimfungia mihogo ya njiani, akasimama getini mpaka gari likapotea. Nilimwona kwenye kioo.

Tulianza Usangu, kwa Mzee Bujiku, aliyehamia kule na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Lusini yake ilikuwa kando ya mfereji, imefika magotini, inanukia. Asukile alishuka na jembe. Bujiku akalitazama lile jembe kabla hajamtazama mwenye jembe.

"Wewe mla ndizi," akasema, "majani haya ulinipa kwa mikono miwili. Leo umekuja na chuma?"

"Nimetumwa, mzee mwenzangu. Yana ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Ng'ombe wangu wanakula, wanazaa. Mimi nakunywa maziwa, nazaa."

"Hauonekani."

Bujiku akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka. "Ng'oa," akasema. "Shamba ni langu, mbegu ni yako, ng'oa. Lakini ukimaliza, njia hii usiipite tena."

Asukile aliinua jembe. Nasema niliyoyaona, na hapa siongezi hata kidogo: aliliinua, akalishikilia juu muda wa mtu kusalimiana na familia nzima, kisha akalishusha taratibu kwenye nyasi. Akasema, "Nitarudi." Mkewe Bujiku alitufuata garini na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Nyumba ya mwisho ya safari ile ilikuwa nje kidogo ya mji wa Iringa, kwa Matilda, mjane aliyekuwa akiuza maziwa mjini kwa baiskeli. Ng'ombe wake walikuwa wawili tu, na hao wawili walikuwa wanasomesha watoto wanne. Alitupokea vizuri. "Kamwene, Baba. Karibuni chai." Asukile alimwambia yote kabla ya chai, maana aliona akinywa kwanza itakuwa wizi.

Matilda akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, mimi sibishi na Serikali. Nionyeshe jani moja lenye ugonjwa, moja tu, nami nitashika jembe la pili tung'oe wote."

Ombi la haki kabisa. Asukile akapiga magoti kwenye lusini ya yule mama, akaanza kupekua. Jani juu, jani chini, shina, mzizi. Saa tatu ikamkuta huko, na saa sita ikamkuta huko. Mimi nilimsaidia, na macho yangu, kama mjuavyo, huona kunguru wa Makambako nikiwa Igawa. Hatukuona kitu. Alipoinuka magoti yake yalikuwa kijani na uso wake umezeeka. Akasema, "Matilda mwanangu, sina cha kukuonyesha." Tukageuza gari. Kutoka Iringa mpaka Mbeya hakuongea, na mimi nikamheshimu kwa kuongea peke yangu.

Ndalahwa alitukuta uani. "Mzee Asukile, umeng'oa wapi na wapi?"

"Kila mahali nilipouona ugonjwa."

"Ni wapi huko?"

"Bado sijauona."

Ndalahwa akakaa kwenye ngazi za ofisi kama mtu aliyekatwa kamba. "Mzee, utanifukuzisha kazi."

"Nipe misimu miwili, mwanangu. Nijue kitu hiki kinatembeaje, na kinadhuru nini. Kama kinadhuru, ghala nitalichoma mimi, na nyumba zote nitazipita mimi, kwa miguu, hata Mjomba asinibebe. Lakini siwezi kung'oa kwa mtu kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui."

Ndugu wasomaji, watu humsema Ndalahwa kwamba ni mwoga. Mimi nilikuwepo. Alifunga ghala kwa kufuli jipya, akatia ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, akaandika juu kwamba suala linachunguzwa kwa kina. Barua akaipiga taipu mwenyewe, akaipeleka.

Kazi iliyofuata ndiyo ninayotaka wajukuu wa kituo hiki waijue. Asukile alipanda mbegu sitini katika makopo sitini, kila moja na kibao chake. Majani yakapelekwa ng'ambo katika bahasha za kaki, kopo moja bahasha moja. Tulipokuwa tunasubiri majibu, Ndalahwa alimwambia kwa utani, "Mzee, wewe ni jicho la kituo. Funga uzi mweupe kwenye wale unaodhani ni wagonjwa." Asukile alifunga nyuzi kumi, kwa makini. Majibu yakaja: arobaini na saba wana virusi, kumi na watatu ni wasafi. Tukaangalia nyuzi. Kati ya kumi aliofunga, wanne walikuwa wasafi kama maji ya Kiwira. Tukadhani ameumia. Yeye akacheka, kicheko cha kwanza tangu Februari. "Basi jicho langu si kitu hapa," akasema. "Tutumie mikono."

Akaponda majani ya wagonjwa, akayachanganya na mchanga laini, akayasugua kwenye majani ya wasafi. Wakabaki wasafi. Akakata ncha ya mgonjwa akaibebesha juu ya msafi, akaifunga mpaka ikashika. Yule wa chini akabaki msafi. Akachukua vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaonyonya majani, akawahamisha kwa unyoya wa kuku kutoka mgonjwa kwenda msafi. Vidukari walinenepa, wasafi wakabaki wasafi. Akawapanda mgonjwa na msafi shimo moja, mizizi imekumbatiana, akawakata kwa mundu mmoja misimu miwili. Hakuna kilichovuka.

Kisha akaja kwenye maua. Mama Atuganile alishona vifuko vya chandarua, mia moja na ishirini, akavifunga juu ya maua ili nyuki wasiingilie mambo ya ndoa. Asukile akachukua ule unga wa maua, wataalamu wanauita chavua, akaupeleka mwenyewe kwa njiti. Mama mgonjwa na baba msafi: watoto wengi wagonjwa. Mama msafi na baba mgonjwa: watoto karibu nusu. Wote wawili wagonjwa: karibu wote. Wote wawili wasafi: hakuna hata mmoja.

Hapo tukakielewa kitu chetu. Hakipiti kwa mkono, wala kisu, wala mdudu, wala jirani. Kinatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, basi. Jioni ile Asukile aliniambia kwamba shamba la Matilda halikuwahi kumwambukiza mtu. Aliisema mara mbili, kama mtu anayejaribu kama kiatu kinamtosha.

Lakini bado palikuwa na swali la madhara, na hilo ndilo lingeamua moto. Wakapimwa kwa mizani, wagonjwa upande huu, wasafi upande ule, kila walipokatwa, kwa misimu yote miwili. Mimi ndiye niliyesoma mizani, na kwa mara ya kwanza maishani sikuongeza chochote, kwa sababu Asukile alikuwa amesimama nyuma yangu. Uzito ulikuwa sawasawa. Tukalisha ng'ombe. Maziwa yakawa sawasawa. Ng'ombe mmoja alionyesha kupendelea wagonjwa, lakini ikagundulika alikuwa anapendelea upande wenye kivuli.

Taarifa ikapelekwa juu, imeandikwa na Ndalahwa, na jina la Asukile likiwa la kwanza, hilo nililiona kwa macho yangu. Miezi ikapita. Ofisi za juu zikauliza maswali, zikajibiwa, zikauliza tena yaleyale. Asukile alizidi kukonda. Kila asubuhi alikuwa anapita mbele ya ghala lililofungwa, anagusa kufuli, anakwenda zake shambani.

Jibu lilikuja Agosti 1978. Ndalahwa alitoka nalo ofisini akikimbia, mtu mzima mwenye tai, karatasi juu. Amri ya kung'oa imefutwa. Amri ya kuchoma imefutwa. Mbegu igawiwe, na ile miche safi kumi na mitatu izalishwe kuwa mbegu ya pili, itunzwe peke yake. Tulipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakakata kamba. Asukile hakupiga. Alichukua ufunguo kwa Ndalahwa, akafungua, akaingia, akakaa juu ya gunia. Akachota mbegu, akazimwaga kiganjani, akazipuliza. Halafu akasema, "Mvua zisitukute tumekaa," akaanza kukunja magazeti.

Wiki iliyofuata tulikwenda Usangu. Bujiku alituona tangu mbali, akasimama njiani na mikono kiunoni. "Umekuja na jembe?" Asukile akamwonyesha mikono mitupu. "Basi pita, mla ndizi. Umechelewa, chakula kimepoa." Kisha Iringa, kwa Matilda. Alimshika Asukile mikono yote miwili, akaitikisa kama anayetaka kuona kama imekazwa vizuri, kisha akageuka akaenda kukamua, maana ilikuwa saa yake.

Leo ghala lina mbegu mbili, ya zamani na ile safi, na mtu huchagua apendayo. Wengi huchukua ya zamani. Wanasema wameizoea.

Ndugu Asukile, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ilembwe, wakata majani, wakamuaji, makarani, na Ndugu Ndalahwa ambaye bado yuko kazini, tunakushukuru. Umetufundisha kumtazama mtu usoni kabla ya kuinua jembe. Nenda Tukuyu ukapumzike. Migomba yako ikuangushie mikungu mizito, miguu yako isikusumbue, na Mama Atuganile asishone tena vifuko vya maua kwa muda mrefu. Ukichoka kukaa, njoo. Nitakufuata mwenyewe na gari, hata kinyumenyume.

Na kwa kuwa karatasi imebaki na nafasi, na mwenyewe atasoma hapa, niseme jambo moja dogo. Siku tulipotoka Iringa, kwa Matilda, nikitoka kituoni nilikwenda nyumbani moja kwa moja, nikang'oa lusini yangu yote, mistari minne, nikaichomea nyuma ya choo. Nilikuwa nimeogopa. Katika watu mia mbili na kumi na wanne walioandikwa kwenye lile daftari, aliyeng'oa ni mimi peke yangu, na nyumba yangu inapakana na ya Asukile, moshi uliingia kwao. Misimu yote miwili hakuuliza. Ghala lilipofunguliwa nilikwenda kupanga foleni, njia nzima nikiandaa hadithi ndefu kuhusu fuko waliokula mizizi. Sikuifikisha. Aliinama chini ya meza akatoa gazeti lililokwisha kukunjwa, limeandikwa jina langu, akanipa kwa mikono miwili akasema, "Mjomba, panda mapema safari hii."